Namna ya kudhibiti umiminaji wa bafa ya WriteBooster katika hifadhi ya UFS chini ya Linux

Anayenunua simu janja au bodi ya majaribio yenye hifadhi ya UFS, yaani aina ya hifadhi ya flashi (Universal Flash Storage), huoneshwa tarakimu ya kasi ya kuandika ambayo, kwa kweli, ni kasi ya kipande kidogo tu cha hifadhi hiyo. Kipande hicho huitwa bafa ya WriteBooster. Seli nyingi za flashi zinazotumika leo hubeba biti 3 kila moja, na kuandika biti 3 katika seli moja ni kazi ya taratibu, kwa sababu kifaa hakina budi kutofautisha viwango 8 vya chaji bila kukosea. Bafa ya WriteBooster hutenga baadhi ya seli hizo na kuzitumia kwa biti 1 tu, ili data inayoingia ipokewe upesi, kisha baadaye, wakati ambapo hakuna programu inayosubiri, ihamishiwe kwenye seli za biti 3. Uhamishaji huo ndio nitakaouita kumimina katika mwongozo huu wote.

JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya semikondakta, liliingiza WriteBooster katika kiwango cha UFS 3.1 mwezi Januari 2020, na baadaye mwaka huohuo likaiingiza katika UFS 2.2 ili simu za bei ya wastani nazo zifaidike. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilianza kuitumia katika toleo la 5.8, mwaka 2020. Hapo mwanzo draiva, yaani sehemu ya kerneli inayoendesha kifaa, ndiyo iliyoamua kila jambo, na mtumiaji alichoweza kufanya ni kutazama. Faili la `wb_on`, linalowasha na kuzima WriteBooster yenyewe, lilikuja mwaka 2021; faili la `enable_wb_buf_flush`, ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu, liliandikwa mwaka 2022; na `wb_flush_threshold`, linalopanga kizingiti, likafuata mwaka 2023. Kwa hiyo, mwenye kerneli ya mfululizo wa 5 asishangae akikuta baadhi ya mafaili haya hayapo kwenye mashine yake.

Jambo la kutenganisha kabla ya kugusa chochote

Neno kumimina hutumika kwa mambo mawili ambayo hayana undugu wa karibu, na anayeyachanganya anaweza kuhatarisha data yake akidhani anaongeza kasi, au kuogopa bure pale ambapo hakuna hatari.

Jambo la kwanza ni akiba ya muda iliyomo ndani ya kifaa, ambayo hupotea umeme ukikatika. Programu inapoita `fsync`, mfumo wa mafaili huiomba kerneli ihakikishe data imefika mahali pa kudumu, nayo kerneli hutuma amri ya kumimina akiba hiyo. Katika UFS, ambayo Linux huihudumia kama diski ya SCSI, amri hiyo ni SYNCHRONIZE CACHE. Hili ni suala la usalama wa data.

Jambo la pili ni bafa ya WriteBooster. Bafa hii imejengwa kwa seli za flashi zilezile, na flashi haisahau umeme ukiondoka. Data iliyokwisha kuandikwa ndani ya bafa iko salama kama iliyokwisha kufika kwenye seli za biti 3. Tofauti ni mahali ilipolala tu. Kuzima umiminaji wa WriteBooster, basi, hakupotezi hata baiti moja. Kunachogusa ni kasi ya maandishi yajayo, matumizi ya umeme na uchakavu wa seli.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu nimewahi kuona watu wakitafuta udhibiti wa WriteBooster na kuishia kwenye faili la `/sys/block/sda/queue/write_cache`, ambalo kwa kawaida husomeka `write back`, kisha wakaandika humo `write through` wakiamini kuwa wameiagiza hifadhi iache kutumia akiba ya muda. Faili hilo haliagizi hifadhi chochote. Linabadilisha tu namna kerneli inavyoiona hifadhi, na kerneli ikishaamini kwamba hakuna akiba ya kumimina, huacha kabisa kutuma amri ya kuimimina, ilhali akiba yenyewe ipo na inaendelea kujaa. Umeme ukikatika hapo, mfumo wa mafaili unaweza kuharibika bila onyo lolote. Faili hilo liache kama lilivyo.

Kuyapata mafaili ya udhibiti

Mafaili yote tutakayoyatumia yamo ndani ya saraka ya `/sys`, lakini njia kamili hutegemea kidhibiti cha UFS kilichomo kwenye mashine. Katika vifaa vyenye chipu za Qualcomm, kwa mfano, utakuta saraka yenye jina la namna ya `1d84000.ufshc`, katika kompyuta ambamo kidhibiti kimeunganishwa kwa PCI jina huwa tofauti kabisa. Badala ya kubahatisha, iulize mashine yenyewe, ukiwa umeingia kama mtumiaji mkuu:

```
find /sys/devices -name wb_on 2>/dev/null
```

Jibu likija, ondoa `wb_on` mwishoni na uhifadhi njia iliyobaki katika kigeu kimoja ili usiirudie kila mara:

```
UFS=$(dirname $(find /sys/devices -name wb_on 2>/dev/null | head -n 1))
cd $UFS
ls
```

Jibu lisipokuja, sababu huwa mojawapo ya hizi: kerneli ni ya kale, au hifadhi ya mashine si UFS bali ni eMMC au NVMe, ambazo zina taratibu zake na mwongozo huu hauzihusu. Kuwapo kwa `wb_on` nako si ushahidi kwamba kifaa kina WriteBooster, kwa kuwa draiva huliweka faili hilo kwa kila kidhibiti na kukataa baadaye ukijaribu kuliandika. Ushahidi wa kweli utaupata katika hatua inayofuata.

Wenye simu za Android wajue pia kwamba kuwa mtumiaji mkuu peke yake huenda kusitoshe, kwa sababu sera za SELinux (mfumo wa usalama ndani ya kerneli) za mtengenezaji zinaweza kuzuia maandishi katika mafaili haya hata kwa mtumiaji mkuu. Kwa sababu hiyo, majaribio ya mwanzo ni rahisi zaidi kwenye bodi inayoendesha Linux ya kawaida.

Kusoma hali ilivyo

Kabla ya kubadilisha chochote, soma mafaili haya na uandike majibu yake kwenye daftari, kwa maana baadaye utataka kujua ulianzia wapi:

```
cat wb_on
cat enable_wb_buf_flush
cat flags/wb_enable flags/wb_flush_en flags/wb_flush_during_h8
cat attributes/wb_avail_buf
cat attributes/wb_cur_buf
cat attributes/wb_flush_status
cat attributes/wb_life_time_est
cat device_descriptor/wb_presv_us_en
```

Mafaili mawili ya kwanza hueleza jinsi draiva inavyokumbuka hali, kwa 0 au 1. Yale yaliyomo ndani ya `flags` huulizwa kifaa chenyewe, nacho hujibu `true` au `false`. Yakipingana na yale ya kwanza, kifaa ndicho cha kuaminiwa. Bendera (swichi ya ndani ya kifaa) ya `wb_flush_en` ndiyo inayobadilishwa na `enable_wb_buf_flush`: ikiwa imewashwa, kifaa humimina bafa kila foleni ya amri inapokuwa tupu. Bendera ya `wb_flush_during_h8` ni ndugu yake, ila yenyewe huruhusu kifaa kumimina wakati kiungo kati yake na kidhibiti kimelala usingizi mzito. Draiva huiwasha bendera hii ya pili yenyewe wakati wa kuanza, na mtumiaji hakupewa faili la kuibadilisha.

Ndani ya `attributes` majibu huja kwa heksadesimali. Faili la `wb_avail_buf` huonesha sehemu ya bafa iliyo wazi, kwa mafungu ya asilimia 10: `0x00000000` maana yake bafa imejaa, na `0x0000000A`, yaani 10, maana yake bafa nzima iko tupu. Wengi hulisoma kinyume wakidhani linaonesha kiasi kilichotumika. Faili la `wb_flush_status` lina majibu matano: 0 ni kwamba kifaa kimetulia, 1 kinamimina sasa hivi, 2 kilianza kikakatizwa, 3 kimemaliza salama, na 4 kimeshindwa. Jibu la 2 lisikutie hofu, kwa kuwa ndilo utakaloliona mara kwa mara kwenye mashine yenye shughuli nyingi, ambako kila amri mpya inayoingia huulazimu umiminaji kusimama.

Faili la `wb_life_time_est` linastahili kusomwa polepole. Bafa ya WriteBooster huchakaa kama flashi nyingine yoyote, ingawa seli inayotumika kwa biti 1 huvumilia mizunguko mingi zaidi ya kuandikwa na kufutwa kuliko ileile ikitumika kwa biti 3. Jibu la 1 maana yake uhai uliotumika ni kati ya asilimia 0 na 10, la 2 ni kati ya 10 na 20, na kuendelea hivyo mpaka 0x0A. Jibu la 0x0B ni kwamba bafa imepita uhai iliokadiriwa. Jibu la 0 maana yake kifaa hakitoi taarifa hiyo.

Mwisho ni `wb_presv_us_en`, faili ambalo wengi hulipita bila kulitazama ilhali ndilo linaloamua maana ya nusu ya yaliyobaki. Bafa ya biti 1 hula nafasi: kila GB 1 ya bafa huchukua seli ambazo zingebeba GB 3 kama zingetumika kwa biti 3, kwa hiyo bafa ya GB 4 ina gharama ya GB 12. Mtengenezaji ana njia mbili za kulipa gharama hiyo. Katika njia ya kwanza, ambayo faili hili huonesha kwa 0, nafasi hiyo hukatwa moja kwa moja kutoka kwa mtumiaji, naye hupata hifadhi ndogo zaidi lakini yenye bafa isiyopungua. Katika njia ya pili, inayooneshwa kwa 1, mtumiaji huachiwa nafasi yake yote, na bafa huazima seli zilizo tupu. Kadiri picha, video na programu zinavyojaza hifadhi, ndivyo bafa inavyonyauka, hata kufikia sifuri. Ukubwa wa bafa kwa wakati huo ndio unaooneshwa na `wb_cur_buf`. Mtu anayelalamika kwamba simu yake ilikuwa nyepesi ilipokuwa mpya na sasa imekuwa nzito, na hifadhi yake imejaa karibu yote, huenda analalamikia jambo hili hasa, na hakuna udhibiti wa umiminaji utakaomsaidia kabla hajafuta mafaili.

Kuwasha na kuzima

Amri zenyewe ni fupi kuliko maelezo yake:

```
echo 0 > enable_wb_buf_flush
echo 1 > enable_wb_buf_flush
```

Namba nyingine yoyote hukataliwa. Baada ya kuandika, soma `flags/wb_flush_en` uhakikishe kwamba kifaa kimekubali.

Amri ikikataliwa kwa ujumbe kwamba operesheni hiyo haikubaliwi, tazama kumbukumbu za kerneli kwa `dmesg`. Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba kifaa hakina WriteBooster, au draiva ya kidhibiti hicho haikuiruhusu. Ya pili ni kwamba draiva imewekewa alama ya `UFSHCI_QUIRK_SKIP_MANUAL_WB_FLUSH_CTRL`, ambayo huwekwa na watengenezaji wa chipu wanaotaka umiminaji ufanyike wakati wa usingizi wa kiungo pekee. Draiva ya Samsung Exynos ni mojawapo. Unaweza kuiondoa alama hiyo kwa kubadilisha msimbo na kujenga kerneli upya, lakini mimi sipendekezi: aliyeiweka ameujua umeme wa chipu yake kuliko sisi.

Faili la `wb_on` nalo lina tabia yake. Katika mashine ambamo draiva hufungamanisha WriteBooster na kasi ya saa ya kidhibiti, kasi ikipanda WriteBooster huwashwa na ikishuka huzimwa, nawe ukijaribu kuingilia kwa mkono utakataliwa. Katika mashine nyingine unaweza kuizima na kuiwasha upendavyo. Kwa matumizi ya kila siku sioni sababu ya kuizima. Faida yake kubwa ni katika kupima, kama tutakavyoona.

Je, umiminaji huu uwashwe au uzimwe? Pale unaporuhusiwa, draiva huuwasha yenyewe mwanzoni, kwa hiyo swali la kweli ni lini kuuzima. Kuna hali ambazo kuuzima kuna maana. Ikiwa programu huandika na kuandika tena juu ya data ileile, kwa mfano faili la hifadhidata dogo lisiloisha kubadilika, ni hasara kuihamishia data kwenye seli za biti 3 wakati dakika chache baadaye itakuwa imepitwa na wakati. Ikibaki ndani ya bafa, nakala ya zamani hutupwa bila kuhamishwa, na seli za kudumu huepushwa uchakavu usio na sababu. Hali ya pili ni kazi inayodai majibu ya haraka na yasiyoyumba. Amri ikifika wakati kifaa kiko katikati ya kumimina, kifaa lazima kiisimamishe kazi hiyo kwanza, na kusimama huko si kwa papo hapo. Katika kurekodi sauti au vipimo vya mitambo, kuyumba huko kwa muda wa majibu kunaweza kuonekana.

Kwa upande wa pili, mashine inayosubiri maandishi makubwa kwa mkupuo, kama vile kamera inayorekodi video kwa vipindi au bodi inayopokea sasisho la mfumo, inafaidika sana bafa ikiwa tupu kabla kazi haijaanza. Ndivyo ilivyo hasa kwa mashine iliyochomekwa kwenye umeme wakati wote na ambayo kiungo chake cha UFS hakilali, kwa sababu imezimiwa usingizi ili ijibu upesi: hapo umiminaji wa usingizini hautokei kamwe, na `enable_wb_buf_flush` ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuikomboa bafa. Bafa ikijaa, kifaa hakikatai maandishi. Hupeleka data moja kwa moja kwenye seli za biti 3, na kasi hushuka ghafla, kama gari lililotoka kwenye lami kuingia kwenye changarawe.

Kizingiti na mipaka yake

Faili la `wb_flush_threshold` hupokea namba kuanzia 1 mpaka 10, kila moja ikiwa na maana ya asilimia 10. Thamani ya kuanzia ni 4. Kazi yake haiko katika kumimina kwenyewe bali katika uamuzi mmoja wa draiva: wakati hifadhi imetulia na mfumo unataka kuilaza, je, umeme mkuu wa kifaa uachwe ili kimalize kumimina, au ukatwe ili betri ipone? Sehemu iliyo wazi ikiwa chini ya kizingiti, draiva huamua kwamba bafa inahitaji kumiminwa na huuacha umeme. Kisha baada ya sekunde 20 huamka na kutazama tena kama kazi imekwisha.

```
cat wb_flush_threshold
echo 7 > wb_flush_threshold
```

Kwa thamani ya 7, kifaa kitapewa muda wa kumimina hata bafa ikiwa imejaa kidogo zaidi ya asilimia 30, nawe utalipa kwa betri. Kwa thamani ya 2, kitalala mapema na kuacha bafa ijae karibu asilimia 80 kabla ya kuhurumiwa. Lakini kumbuka lile faili la `wb_presv_us_en`. Kizingiti hiki hutazamwa pale tu linaposomeka 1. Likisomeka 0, draiva hutumia kipimo chake cha kudumu, ambacho ni sehemu iliyo wazi kubaki asilimia 10 au pungufu, na namba yako itahifadhiwa, itasomeka vizuri ukiiuliza, wala haitafanya kazi yoyote. Sijaona maelezo mafupi ya kizingiti hiki yakilitaja jambo hilo. Nililipata ndani ya msimbo baada ya kubadilisha namba siku nzima bila kuona tofauti.

Kupima kama kweli kuna tofauti

Kwanza jaza bafa. Programu ya `fio` inafaa kuliko `dd` kwa kuwa huandika kumbukumbu ya kasi kwa kila kipindi, na kwa hiyo unaweza kuona mahali hasa ambapo kasi inaanguka:

```
fio --name=jaribio --filename=/var/tmp/jaribio.bin --rw=write \
    --bs=1M --size=16G --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=8 \
    --write_bw_log=jaribio --log_avg_msec=500 --end_fsync=1
```

Chagua ukubwa unaozidi bafa kwa uhakika, na hakikisha nafasi ipo. Mara baada ya kazi kumalizika soma `attributes/wb_avail_buf`. Ikiwa imeshuka hadi 0 au 1, bafa imejaa na jaribio lina maana. Ikiwa bado ni 10, ama WriteBooster imezimwa ama umiminaji ni wa haraka kuliko unavyofikiri. Rudia jaribio hilo mara moja na `wb_on` ikiwa 0, panapowezekana, ili ujue kasi ya seli za biti 3 peke yake, kwa maana bila namba hiyo huna cha kulinganishia.

Kisha jaza bafa tena, zima umiminaji, acha mashine itulie dakika 5, na usome sehemu iliyo wazi. Washa umiminaji, acha dakika 5 nyingine, usome tena. Tofauti kati ya masomo hayo mawili ndiyo kazi ya faili hili kwenye mashine yako. Ikiwa bafa ilijimimina hata umiminaji ulipokuwa umezimwa, basi usingizi wa kiungo unafanya kazi yake vizuri na huna sababu ya kuendelea na mwongozo huu.

Hapa pana mtego ambao ulinigharimu jioni nzima. Niliandika kitanzi cha kusoma `wb_avail_buf` kila sekunde moja ili nione bafa ikijimimina mbele ya macho yangu, na haikujimimina. Nikashuku kifaa, nikashuku kerneli, nikaanza kutafuta kasoro katika draiva. Kumbe kila unaposoma faili lililomo ndani ya `attributes`, draiva huamsha kifaa na kukitumia swali, na kwa kawaida mfumo husubiri sekunde 2 za ukimya kabla ya kuilaza hifadhi. Kitanzi changu cha kila sekunde kilikuwa kama mtu anayemgusa mgonjwa begani kila dakika kumuuliza kama amepata usingizi. Soma mara chache:

```
while true; do
  echo "$(date +%T) $(cat attributes/wb_avail_buf) $(cat attributes/wb_flush_status)"
  sleep 60
done
```

Matokeo ya amri hiyo yaonyeshe kwenye skrini au kupitia mtandao, wala usiyaelekeze kwenye faili lililomo ndani ya hifadhi hiyohiyo unayoipima. Vilevile usirudie jaribio la kujaza bafa mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa kuwa kila GB unayoiandika kwa majaribio hupunguza uhai wa seli sawa na GB yenye maana. Mara tatu zinatosha kuonesha kama tofauti ni ya kweli au ni ya bahati. Ukimaliza, futa faili la jaribio na uendeshe `fstrim` kwenye mfumo huo wa mafaili, ili kifaa kijue kwamba nafasi hiyo imeachwa wazi. Katika hifadhi ambayo bafa yake huazima seli tupu, hatua hiyo ndiyo inayorudisha ukubwa wa bafa.

Kuufanya uamuzi udumu

Uliyoyaandika katika mafaili haya hayadumu. Mashine ikiwashwa upya draiva huanza tena na mipango yake, na hali hiyohiyo hutokea kidhibiti kikilazimika kukiweka upya kifaa baada ya hitilafu, jambo linaloweza kutokea katikati ya kazi bila mtumiaji kutambua. Kwa tatizo la kwanza, kwenye mfumo unaotumia systemd, unda faili la `/etc/tmpfiles.d/ufs.conf` lenye mstari mmoja, ukiweka njia kamili uliyoipata mwanzoni mahali pa nukta:

```
w /sys/devices/.../enable_wb_buf_flush - - - - 0
```

Kwa Android, anayejenga mfumo mwenyewe huweka amri ya `write` katika faili la `init` la kifaa, chini ya tukio la `sys.boot_completed=1`. Kwa tatizo la pili hakuna njia ya mkato: ikiwa kazi yako inategemea umiminaji uwe umezimwa, programu yako isome `enable_wb_buf_flush` kabla ya kila kipindi cha kazi na kuandika upya pale inapobidi. Kusoma faili hilo hakuamshi kifaa, kwa sababu jibu hutoka katika kumbukumbu ya draiva.

Ukikuta siku moja kwamba `wb_on` imegeuka 0 bila wewe kuigusa, na kwamba kila jaribio la kuiwasha linakataliwa, soma `wb_life_time_est` kabla ya kulaumu sasisho la kerneli. Jibu likiwa 0x0B, draiva yenyewe ndiyo iliyoizima WriteBooster baada ya bafa kumaliza uhai wake. Hifadhi itaendelea kufanya kazi kwa kasi ya seli za biti 3, ambayo tayari unaijua kutokana na jaribio la `fio` ulilolifanya na `wb_on` ikiwa imezimwa.